Kuchapa na Kuchapisha: Shajara ya Kitabu cha Manamba

6 Januari 2024, Tanga

Mswada umekamilika jana usiku. Maneno 46,000, wazee 14 walionisimulia, miaka minne ya kwenda na kurudi Ngomeni, Muheza na Korogwe nikiwa na kinasa sauti ndani ya mkoba wa shule. Wengi wao walifika mashamba ya mkonge wakiwa vijana, miaka ya 1950: waliotoka Kigoma, waliotoka Songea, Wamakonde waliovuka Ruvuma. Waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na asubuhi ikiitwa orodha, namba ndiyo iliyoitwa.

Naandika shajara hii kwa ajili yenu watatu. Wewe shoga yangu wa Mombasa na hadithi zako za watoto, wewe kaka wa Morogoro mwenye diwani iliyolala kabatini, na wewe Mwalimu mwenzangu wa Korogwe na kitabu chako cha ufugaji nyuki. Kila tukizungumza mnaniuliza nachapisha wapi. Nitaeleza kila hatua pamoja na fedha zake, ili mkifika hapo msipapase gizani.

Leo nimempigia simu mwenye mashine mmoja. Akasema, "Leta faili, mwalimu, wiki mbili unachukua vitabu vyako." Nilifurahi mpaka nikasimama. Baadaye, nikiwa napika, neno likanikaa kichwani. Kiswahili kinatenganisha kuchapa na kuchapisha, nasi tunayachanganya kila siku. Mchapaji anageuza faili kuwa karatasi zilizogundishwa. Mchapishaji ndiye anayeamua kama mswada umeiva, anayelipia uhariri, anayepanga bei, anayekifikisha kitabu kwa msomaji, na anayebeba lawama kosa likionekana. Nikimpelekea yule bwana faili leo, kitabu kitakuwa kimechapwa, na hakuna mtu atakayekuwa amekichapisha. Kazi hiyo ya pili itabidi niifanye mimi.

21 Januari

Nimetoa nakala tatu za mswada, karatasi za A4 upande mmoja, nafasi mbili kati ya mistari. Moja kwa binti aliyemaliza kidato cha sita mwaka jana, moja kwa jirani aliyewahi kuwa karani wa shamba la mkonge, moja kwako Mwalimu wa Korogwe. Niliwaomba jambo moja tu: wakifika mahali wanapochoka au wasipoelewa, wachore mstari pembeni na waendelee. Sikuomba wanieleze kama ni kizuri. Rafiki ukimwuliza hivyo atakupa moyo, na moyo ninao tayari.

4 Februari

Mistari ya pembeni imerudi, na binti ndiye aliyenifungua macho. Amechora kila palipoandikwa "korona". Bibi mmoja anasema, "Mume wangu alifia korona mwaka 1961." Binti alidhani ni ugonjwa ule wa juzi, akashangaa umetoka wapi. Sisi wa Tanga tunajua korona ni mtambo wa kuchakata mkonge, unaokwangua jani hadi singa, yaani nyuzi zake, zitoke. Nimekulia karibu nao, ndiyo maana sikuuona. Sasa neno litaelezwa ukurasa wa kwanza linapotokea, ndani ya masimulizi yenyewe, na mwishoni kutakuwa na orodha fupi ya maneno ya shambani: korona, singa, kipande, mnyapara (yaani msimamizi wa wafanyakazi).

17 Februari

Mhariri. Wenzangu, kama mna fedha ya kulipia kitu kimoja tu kabla ya kuchapa, lipieni hiki.

Tumekubaliana TSh 900,000, nusu mwanzo na nusu mwisho, kwa mkataba wa ukurasa mmoja unaosema wazi atapitia mara mbili: mara ya kwanza mpangilio na hoja, mara ya pili sentensi, tahajia na alama. Kaka wa Morogoro, ulinieleza ulimpa mtu mashairi "ayaangalie", akayaangalia kweli, akayarudisha na koma mbili. Andikianeni kazi yenyewe ni ipi.

Sura mbili za kwanza zimerudi na maoni 211. Mengi ni yale ninayowasahihishia wanafunzi kila siku nami nimeyafanya: "ndio" pale ninapokubali jambo, ambapo inatakiwa "ndiyo", "kwanini" iliyoshikana, "ng'ombe" nusu zina alama iliyonyooka na nusu iliyopinda, kwa sababu sehemu niliandika kwenye simu na sehemu kwenye kompyuta. Hayo yanarekebishika kwa siku moja.

Mazito ni mawili. Kwanza, nimeandika katika utangulizi kwamba mkonge uliletwa mwaka 1892. Akaandika pembeni: umetoa wapi? Nikarudi vitabuni. Ni 1893, Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na ikafika hai 62 tu. Nilikuwa nimeusema mwaka ule wa uongo darasani kwa muda mrefu, mbele ya watoto, na kama si swali hilo la maneno mawili ungeingia kitabuni na kunukuliwa.

La pili ni lugha ya wazee. Mhariri alinyoosha maneno yao yote yakawa Kiswahili cha redio. Nilisoma ukurasa wa mzee mmoja wa Kiha nikahisi simfahamu. Tulizungumza kwa simu saa nzima. Tumeamua hivi: sauti yangu ya msimulizi itafuata Kiswahili sanifu kwa ukali, na maneno ya wazee yatabaki kama yalivyotoka vinywani, isipokuwa pale msomaji angepotea kabisa. Yeye alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikuwa na haki ya kukataa, na mkataba ulisema neno la mwisho ni la mwandishi. Sentensi hiyo ya mkataba msiisahau.

14 Machi

Ramadhani imeanza wiki hii. Kazi inakwenda polepole, na si vibaya.

Nimepokea barua ya mchapishaji mmoja niliyempelekea rasimu ya mswada mwaka juzi. Amekubali. Nilitetemeka kwa furaha, kisha nikausoma mkataba mara nne nikiwa na kalamu nyekundu. Mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, ni asilimia 10. Ya nini? Haukusema kama ni ya bei iliyoandikwa nyuma ya kitabu au ya fedha inayobaki baada ya duka kukata chake, na tofauti hapo ni kubwa. Kifungu kingine kinampa haki za kitabu kwa lugha zote, nchi zote na aina zote, pamoja na sauti na filamu, kwa muda wote wa hakimiliki. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake wajukuu wangu wangekuta bado si yangu. Hakukuwa na kifungu cha haki kurudi kwangu iwapo kitabu kitaisha madukani na asikichape tena.

Nilimwandikia kwa heshima nikaomba mabadiliko matatu. Jibu: mkataba ni mmoja kwa waandishi wote. Nimeshukuru nikaondoka. Sisemi wachapishaji waepukwe. Mchapishaji mzuri ana mhariri, ana maduka, ana fedha ya kusubiri, na kwa kitabu cha shule sijui mngefanyaje bila yeye. Ila shoga, hadithi zako zina picha na wanyama. Siku moja mtu atataka kuzifanya katuni. Haki ya katuni iandikwe peke yake.

Na kuhusu hofu yako kwamba utaibiwa ukiwaonyesha watu mswada: kazi yako inalindwa tangu ulipoiandika, hata kabla ya kuisajili. Kuisajili, kwetu huku ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi ukihitajika. Kinacholindwa ni maneno yako ulivyoyapanga. Wazo la sungura anayeuza maji halina mwenyewe.

23 Machi

Ruhusa. Hili lilinikosesha usingizi zaidi ya fedha. Wazee walinisimulia sebuleni kwao wakijua mwalimu anaandika "daftari". Je, walijua ni kitabu kitakachouzwa? Nimerudi kwa walio hai, 11, na kwa watoto wa watatu waliotangulia mbele ya haki. Nimewasomea kurasa zao kwa sauti. Wawili wameomba majina yabadilishwe. Bibi mmoja ameomba niondoe aya nzima inayohusu mnyapara, kwa sababu wajukuu wa mnyapara yule wanaswali naye msikiti mmoja. Ilikuwa aya nzuri kuliko zote katika sura ile. Nimeiondoa.

12 Aprili

Idi ilikuwa juzi. Nimerudi kazini, kurasa zinapangwa. Nimelipa TSh 350,000 kwa kijana anayepanga kurasa na TSh 200,000 kwa jalada.

Ukubwa ni A5, milimita 148 kwa 210. Mswada wangu wa A4 umegeuka kurasa 171. Hapa mjue jambo ambalo wengi huambiwa wakishachelewa: kwa mashine ya ofseti, ile ya kuchapa nakala nyingi kwa mkupuo, kurasa huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16. Kurasa 171 maana yake utalipia 176, na tano zibaki tupu mwishoni. Tulizijaza kwa ramani, orodha ya maneno na shukrani. Kama ungekuwa na kurasa 178, ungepunguza mbili kuliko kulipia fungu zima.

Halafu kukata maneno mwisho wa mstari. Programu ya kijana ilikuwa imewekwa Kiingereza. Nikaona "mwan-amke", nikaona "nin-apenda", nikaona "wa-limch-ukua". Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na msomaji wa Kiswahili anayekutana na "mwan-" anajikwaa hata kama hajui kwa nini. Kijana alisema hakuna atakayeona. Nilimsomea kwa sauti ukurasa mmoja nikisimama kila alipokata. Amezima ukataji wote, na sasa maneno marefu yanateremka mstari wa chini mazima. Pembeni kulia hapajanyooka kama rula, na ukurasa unasomeka.

Picha: watoto wa wazee walinitumia kwa WhatsApp picha za studio za zamani, zimebanwa hadi nyuso zimekuwa ukungu. Kwa uchapaji zinatakiwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa ule ule zitakaotokea. Waambieni watu wawatumie picha kama waraka ("document"), au bora zaidi nendeni na skana. Mimi nimelazimika kurudi Muheza mara mbili kwa ajili ya picha nne.

9 Mei

Nilikusudia kwenda Dar wiki iliyopita, lakini Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakuja pwani nikaahirisha. Jana nilifika Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwa ajili ya ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu. Kwa Tanzania namba hizi hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ina tarakimu 13, inaanza na 978, kisha mara nyingi 9976 au 9987 ambazo ni za nchi yetu. Ukiiangalia nyuma ya kitabu, mara nyingi utajua kimezaliwa wapi. Vya Kenya vingi vina 9966.

Yaliyonisaidia niliyauliza palepale dirishani. Kitabu cha karatasi kina namba yake na kitabu cha kusomea kwenye simu kina namba yake, usitumie moja kwa vyote viwili. Ukichapa tena bila kubadili kitu, namba ni ileile. Ukiongeza sura, ni toleo jipya na namba mpya. Na nakala za kuhifadhiwa maktaba zinatakiwa kitabu kikitoka. Nilitoka nikapita kati ya rafu za Kiswahili. Miaka 50 ijayo mtu atakayetaka kujua manamba walikula nini ataingia mlango ule.

1 Juni

Hesabu. Nawaomba msiruke sehemu hii.

Nimepata bei kwa wachapaji wanne. Nakala 100 kwa mashine ya dijitali: TSh 8,500 kila moja. Nakala 500 kwa ofseti: TSh 4,600 kila moja. Nakala 300: TSh 5,700. Kila mmoja aliniambia niongeze idadi bei ishuke. Ni kweli inashuka, lakini nakala 500 ni TSh 2,300,000 kwa mkupuo, na vitabu visivyouzwa vinalala uvunguni katika unyevu wa Tanga. Nimechagua 300, TSh 1,710,000.

Uhariri 900,000, kurasa 350,000, jalada 200,000, dami, yaani nakala ya kujaribia, na nauli ya kuifuata 30,000. Jumla TSh 3,190,000, akiba yangu pamoja na mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Nakala 40 nitazitoa: wazee na familia zao, maktaba, shule yangu, wasomaji wangu wa kwanza. Zinabaki 260 za kuuza. Gawanya: kila nakala nitakayouza imenigharimu karibu TSh 12,270.

Nilikuwa nimepanga bei ya TSh 18,000. Duka linachukua asilimia 35. Kwangu inabaki 11,700. Yaani ningeuza vitabu vyote madukani, nikapongezwa, na ningepata hasara ya TSh 148,000. Kwa bei ya 20,000 inabaki 13,000, na vyote vikiuzwa dukani inabaki faida ya TSh 190,000. Ninachouza mwenyewe mkononi ndicho kitakacholipa kikoba. Bei itakuwa 20,000. Kaka wa Morogoro, diwani yako iliandikwa bei 8,000 kabla hujajua imekugharimu ngapi. Futa, anza upya.

22 Juni

Dami imefika, kitabu kimoja kamili cha kujaribia. Kukishika mkononi ni jambo ambalo sitalieleza vizuri, basi naliacha.

Nilikaa nacho siku tatu, nikikisoma kutoka mwisho kuja mwanzo, ukurasa mmoja mmoja, ili masimulizi yasinibebe. Nimekuta makosa 37. Namba ya ukurasa katika yaliyomo ilipishana na sura ya sita. Maelezo ya picha mbili yalibadilishana, mzee mmoja akaitwa kwa jina la mwenzake. Watu walioitwa kwa namba maisha yao yote, nami nikawapa majina yasiyo yao. Kusahihisha kwenye faili hakukunigharimu hata shilingi. Kama zingekuwa zimeshachapwa 300 ningefanyaje, nibandike karatasi?

Mgongo wa kitabu pia ulikosewa. Kurasa 176 ni karatasi 88, na karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo mgongo ni kama milimita 9. Jalada lilipangiwa 12, jina likawa limeteleza upande. Mwambieni msanifu wa jalada asubiri idadi ya mwisho ya kurasa na aina ya karatasi.

13 Julai

Vitabu 300 vimeshuka na basi, maboksi sita. Boksi la kwanza zuri. La tatu, majalada yamejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Nilimpigia mchapaji, kwanza akasema ni unyevu wa huku. Unyevu upo, lakini kwa nini boksi moja tu? Nikampelekea fundi wa zamani wa uchapaji anayeishi mtaa wa pili; akachana kipande cha jalada, akakilowesha, akaniambia nyuzi za karatasi zimelala kuvuka mgongo badala ya kwenda sambamba nao. Walipoishiwa karatasi walikata nyingine upande mwingine. Nilirudi kwa mchapaji na maelezo hayo. Amekubali kubadilisha majalada 50 kwa gharama yake. Ilisaidia kwamba nilikuwa nimebakiza asilimia 30 ya malipo hadi nikague mzigo.

10 Agosti

Maduka mawili Tanga na moja Dar yamepokea kwa mali kauli: wauze kwanza, ndipo walipe. Kila mahali nimeandikisha idadi, bei, asilimia, na tarehe ya kurudi kuhesabu. Duka moja lilitaka nakala 60, nimewapa 15. Nikiuza 15 nitapeleka nyingine, na nitakuwa na sababu ya kupita.

Nilizouza mwenyewe ni 83. Wanafunzi wangu wa zamani ndio wengi, wanalipa kwa simu nami natuma kifurushi kwa basi. Watu wa Kigoma wameagiza 19, sikutarajia. Mmoja aliniandikia kwamba babu yake aliondoka mwaka 1954 hakurudi, na anatafuta jina lake ndani. Halimo. Nimemwomba anisimulie anachokijua.

Shoga, umeniuliza kama kuna haja ya uzinduzi wenye mgeni rasmi na mahema. Fedha ya hema ni nakala 40. Kama mgeni rasmi atanunua 100, kodi hema.

31 Agosti, Ngomeni

Tumekaa chini ya mwembe, watu wapatao sitini, mikeka na viti vya kuazima. Kila msimulizi alipewa nakala yake, na nilimwomba kila mmoja aje na mtu wa kumsomea. Hakukuwa na hotuba ndefu. Wajukuu walisoma, ukurasa mmoja kila mmoja.

Mzee wa sura ya nne, ambaye haoni tena, alisikiliza mjukuu wake akisoma habari ya siku walipofika kwa lori na kugawiwa namba. Akainua mkono, mtoto akanyamaza. Akasema, "Tulikuwa wawili siku ile, mimi na mwenzangu tuliyetoka naye kijiji kimoja, na huyo hukumwandika." Nilimwambia hakunitajia jina lake. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akalitaja, pamoja na jina la baba yake na la kijiji, na akaitaja namba pia. Alikuwa bado anaikumbuka.

Nimeiandika yote nyuma ya nakala yangu. Faili la chapa ya pili, ukurasa wa 58, baada ya "tukashuka": ongeza mtu wa pili.